Koti la Bartholomeo Kalinga

Koti lile Bartholomeo Kalinga alilinunua Ndola, Zambia, mwaka 1967, alipokuwa bado utingo wa malori, na kama si tumbo lake angekuwa amekwisha kuligawa zamani. Lilikuwa koti zito la rangi ya udongo, limechakaa mabegani, na kwenye joto la Usangu mtu mwenye akili zake asingelivaa. Lakini lilikuwa na mifuko miwili mirefu iliyofika karibu na pindo, na ndani ya kila mfuko Kalinga alikuwa ameshonea nailoni kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mifuko hiyo alikuwa amehudhuria harusi na misiba ya miaka saba bila mtu kugundua kwamba hali nyama.

Si kwamba haipendi. Aliipenda kupita kiasi, na bado aliiota. Ila mwaka 1969, mvua ikinyesha, lori lao lililobeba mapipa ya mafuta liliteleza karibu na Mafinga, na pipa moja likamkuta amesimama nyuma likambana tumbo kwenye bodi. Dereva hakupata hata mchubuko. Kalinga alipelekwa hospitali ya misheni Tosamaganga, akapasuliwa, kipande cha utumbo kikakatwa, akashonwa, akalala wodini wiki saba. Alipotoka kovu lilikuwa limekauka vizuri, mstari mnyoofu kutoka juu ya kitovu hadi chini. Watu walilitazama wakasema amepona. Hata yeye alisema hivyo, kwa muda wa miezi mitano.

Maumivu yalipoanza alirudi kwa daktari yuleyule. Daktari alimbonyeza, akamsikiliza, akamweleza taratibu kwamba kidonda cha nje kimefunga na cha ndani nacho kimefunga, ila cha ndani kimefunga pamoja na majirani zake. Utumbo umeshikana na utumbo, na mwingine umeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Kupasua tena ni kuongeza makovu mengine, kwa hiyo wasipasue mpaka siku ya lazima. Siku hiyo ataijua mwenyewe: tumbo litajaa, atatapika, na hata upepo hautapita. Mpaka hapo ale kidogo kidogo, vitu laini, na nyama ngumu na makande aviache kabisa.

Kalinga alielewa. Alikuwa ameacha malori na kufungua kibanda cha kuziba pancha Ilomba, Mbeya, na alikwisha kuona tyubu zilizogandana na tairi kwa joto, ukizivuta zinachanika. Tatizo halikuwa kuelewa, tatizo lilikuwa kuwaelewesha wengine. Maumivu yalikuja saa moja au mbili baada ya kula, yakamkunja kama nusu saa, mara nyingine siku nzima, kisha tumbo likanguruma likaachia, naye akainuka mzima kama mtu aliyekuwa anafanya mzaha. Jirani mmoja alisema ni chango. Mwingine akasema ngiri. Kwenye zahanati walimpa vidonge vya gesi. Mdogo wake Sedekia, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, alisema wazi kwamba kaka ametupiwa kitu, akamburuta kwa mganga akachanjwa chale kumi na nne. Wateja wa kibandani walisema tu kwamba Kalinga siku hizi ni mvivu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko chale. Basi akanyamaza. Alinunua nailoni, akaishonea mifukoni, akajifunza kukohoa kwenye kiganja. Mkewe Rozalia peke yake ndiye aliyejua kwamba hali nyama, kwa sababu ndiye aliyempondea viazi.

Sasa binti yao Evarista, mwalimu wa shule ya msingi huko Rujewa, akapendana na kijana wa Kisukuma aitwaye Budeba, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Baba yake Budeba, mzee Nkuba, alikuwa ameshuka Usangu na ng'ombe zake kutoka Kwimba miaka mitano nyuma. Mwezi wa tatu mwaka 1977 alimtuma kaka yake Bujiku kuja Ilomba kuposa.

Bujiku alikuwa mshenga wa kweli. Alikaa, akanywa maji, akaanza kuuliza ukoo. Kwenu kuna kifafa? Hakuna. Kuna ukoma? Hakuna. Kichaa? Kifua? Hakuna, hakuna.

"Na kuna mtu ambaye anaumwa ugonjwa haujulikani?"

"Hakuna," alisema Kalinga.

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi mzima kabisa."

Rozalia, aliyekuwa mlangoni na sinia, alimtazama mumewe kisha akatazama sinia. Mgeni alipoondoka akamwambia, "Ungemwambia tu." Kalinga akajibu kwamba akisema utumbo umeshikana watasikia utumbo umelogwa, na nani atachukua binti wa ukoo uliologwa? Pipa si ukoo, alisema. Rozalia akasema maneno hayo angemwambia Bujiku, si mkewe.

Likabaki jambo la mwisho. Kwa desturi ya akina Nkuba, upande wa binti hufuata wenyewe ng'ombe za mahari. Huja, hutembezwa zizini, huchagua, hubishana, hula, na baada ya kula ndipo uchaguzi hukamilika. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa saba Kalinga na Sedekia walipanda treni ya reli mpya ya Wachina hapo Mbeya, Kalinga akiwa na koti lake. Alimeza uji mwepesi alfajiri na hakuonja kingine chochote. Alikuwa amepanga kila kitu.

Treni haikumpa taabu. Kilichomponza ni trela. Budeba, kwa heshima na mapenzi yake yote, aliwapokea stesheni ya Rujewa na trekta la kuazima, akawapakia wakwe zake kwenye trela lenye viti viwili vya kukunja, akaliendesha kwenye mashimo kama mtu anayechelewa ibada. Evarista aliwapungia mkono kwenye kona ya shule, maana hakutakiwa kufika huko siku ile. "Baba, kila la heri!" aliita. Kalinga alitabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya koti kushikilia tumbo, na mpaka wanafika ulikuwa bado huko.

"Mwadila!" wenyeji waliwaamkia.

"Kamwene!" Sedekia alijibu kwa Kihehe, akajichekea mwenyewe.

Mzee Nkuba alikuwa mrefu, mkimya, mwenye macho ya kutazama mbali. Aliwatembeza zizini bila maneno mengi. Sedekia, ambaye alisema mwenyewe kwamba maisha yake yote amefuga kuku, alikagua meno ya ng'ombe na kutoa maoni juu ya kila nundu. Kalinga alisimama penye kivuli, ameegemea nguzo, uzito wote mguu mmoja. Mara mbili aliinua macho akamkuta Nkuba hatazami ng'ombe, anamtazama yeye. Akajinyoosha. Aliogopa, na ni haki yake kuogopa, kwa kuwa binti yake alikuwa amemwandikia mama yake kwamba asipoolewa na Budeba hataolewa na mtu, na Evarista hakuwa mtoto wa kuandika maneno ya bure.

Wakaitwa kula. Mke wa Nkuba, Kashindye, alikuwa ameamka mapema kusimamia kuchinjwa kwa mbuzi wa wageni. Mkekani paliwekwa ugali wa mtama, mgumu wa kusimama wenyewe, bakuli la mchuzi, na sinia la nyama lililojaa mpaka ukingoni. Wanaume wakanawa. Bujiku, kama mkubwa wa nyumba, akamega kipande cha kwanza, akakichovya, akala mbele ya wageni ili waone hakuna ubaya. Akatafuna, akameza, akafungua viganja. Kisha akachagua kipande kinono akamwekea Kalinga mbele yake.

"Kula, mkwe. Hii yote ni ya kwako."

Kalinga akala. Yaani, akaonekana anakula. Alichovya tonge dogo kama kunde kwenye mchuzi akalimeza. Nyama akaipeleka mdomoni, akaifyonza, akakohoa, na mkono ukashuka mfukoni. Alifanya kwa ustadi ambao ungefaa kazi bora zaidi. Kipande cha pili, kikohozi, mfuko wa kulia. Cha tatu, mfuko wa kushoto. Bujiku, akifurahi kuona mgeni anakula, alizidi kumwekea. Kufikia kipande cha saba mifuko ilikuwa mizito na Kalinga aliona mwisho wa safari uko karibu.

Nkuba alikuwa na mbwa, dume la kijivu, jina lake Askari. Mbwa huyo alikuwa ameketi mbali kwa adabu zake. Sasa akainuka. Akazunguka mkeka, akampita Bujiku, akampita Sedekia aliyekuwa anaongea, akaja kusimama nyuma ya Kalinga na kuingiza pua chini ya koti. Kalinga akamsukuma kwa kiwiko. Mbwa akarudi. Kalinga akamsukuma tena, akicheka kidogo kama mtu apendaye mbwa. Ndipo Askari akang'ata pindo la mfuko wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote, na uzi wa kushonea viatu, uliovumilia miaka saba, ukaachia.

Vipande vinne vya nyama vikamwagika mkekani, pamoja na nailoni.

Mbwa mwenyewe, kwa kushangaa bahati yake, alichelewa kidogo kuokota. Kashindye alikuwa ametokea jikoni na kibuyu cha maziwa, akasimama palepale.

Hapa inabidi nieleze kosa la Kalinga, kwa sababu yeye mwenyewe hakulijua mpaka dakika ile. Kwao Iringa, mgeni akificha nyama mfukoni ni mchoyo au ana watoto wengi, na atachekwa mpaka afe. Kwa akina Nkuba haikuwa jambo la kucheka. Nyama iliyopikwa kwa ajili ya posa, ikaonjwa na mkubwa wa nyumba, ikatolewa kwa siri, inapelekwa mahali. Inapelekwa kwa mganga wa kuitazama, au kwa mchawi wa kuitengeneza.

Bujiku aliweka tonge lake chini. "Nyama ya nyumba hii," alisema polepole, "inakwenda wapi?"

Sedekia, Mungu amsamehe, aliwahi kujibu. "Kaka yangu ana mbwa nyumbani! Anampenda sana yule mbwa."

"Mbwa wa Mbeya anabebewa nyama ya posa ndani ya treni?"

"Ni mbwa mkubwa," alisema Sedekia.

Bujiku akasimama. Alisema kwamba amekula wa kwanza mbele ya macho yao, na kama hawakumwamini wangesema. Alisema kijana Budeba ni mtoto wa nyumba hii, na kama kuna mtu anataka kumfunga kijana kwa nyama ya baba yake, basi ng'ombe zitabaki zizini na binti atabaki kwao. Kule kwenye trekta Budeba alikuwa amesimama na kitambaa cha mafuta mkononi, hasogei.

Kalinga alipata aibu ya mtu mzima, ile inayoanzia shingoni. Na chini ya aibu tumbo nalo lilikuwa limeanza, maana trela lilikuwa limelichokoza na yale matonge machache yalikuwa yamefika penye njia nyembamba. Angeweza kusema lolote. Alichagua kusema kweli kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga.

"Mimi siwezi kula nyama," alisema. "Niliumia tumbo kwenye lori. Walinipasua. Utumbo wangu umeshikana huko ndani, na nikila kitu kigumu kinakwama. Natembea na mifuko hii kila mahali. Hata kwenye msiba wa mama yangu nilikuwa nayo."

"Nilikuuliza," alisema Bujiku. "Nilikuja mpaka kwako nikakuuliza."

"Uliniuliza. Nilikudanganya."

"Ni ugonjwa gani huo wa kuficha?"

"Nilificha kwa sababu hauonekani."

Lilikuwa jibu dhaifu, na Bujiku alilipokea hivyo. Akamgeukia mdogo wake kama mtu anayesubiri hukumu itamkwe ili aende zake. Nkuba alikuwa bado ameketi, vidole vina mchuzi, anamtazama Kalinga vilevile kama kule zizini.

"Inaanza ukishamaliza kula, au ukiwa bado unakula?" aliuliza.

"Nikishamaliza. Saa moja. Saa mbili."

"Unapiga magoti?"

Kalinga aliinua macho. Hakuna daktari aliyemuuliza hilo, wala mganga, wala ndugu. Ni kweli alipiga magoti, usiku na mchana, paji la uso juu ya kitanda na tumbo likining'inia, kwa kuwa ni hivyo tu lilivyopata nafuu, na alifunga mlango kwanza ili wanawe wasimwone.

"Napiga," alisema.

"Halafu linalia. Halafu linaachia, unakuwa kama hukuwa na kitu."

"Ndiyo, mzee."

Nkuba akanawa mikono. Akamwambia Bujiku aketi, na Bujiku akaketi.

"Unakumbuka ile nyekundu ya kule Kwimba, ambayo ilipigwa pembe ubavuni na dume la jirani?"

"Nakumbuka."

"Ilipona. Tuliishona wenyewe, ikapona, kovu safi. Baadaye ikawa inakula kidogo, inasimama pembeni. Zingine zinakwenda majini, yenyewe imepiga magoti ya mbele, inageuza shingo inatazama ubavu wake. Sisi tulisema nini?"

Bujiku akageuka kutazama zizi.

"Tulisema mvivu," alisema Nkuba. "Tukaipiga fimbo. Mimi nimeipiga, wewe umeipiga. Ilikuwa inainuka inatembea, kwa sababu inapigwa. Siku ile tumeichinja, mimi ndiye nilipasua tumbo. Nikaingiza mkono kutoa utumbo, hautoki. Umeshikana wenyewe kwa wenyewe, na umeshika ubavu palepale pembe iliingia, ndani ya lile kovu. Nilikata kwa kisu. Nilikuita uje uone."

"Uliniita," alisema Bujiku kwa sauti ya chini. "Niliona."

"Huyu mtu nimemwona tangu alipotelemka kwenye trela. Nilisema moyoni, anasimama kama ile nyekundu. Lakini mgeni huwezi kumuuliza tumbo lake."

Kalinga alitazama chini kwenye mkeka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na mchuzi na mwingine umeshika tumbo. Miaka minane alikuwa ametafuta mtu wa kuona ndani yake. Mtu huyo alikuwa ameona, ndani ya ng'ombe, kabla hata pipa halijaanguka.

Bujiku alikuwa mtu mkali lakini si mjinga, na kazi yake ya ushenga ilikuwa bado mikononi mwake. "Na ndama zake?" aliuliza mwishowe.

"Unazijua ndama zake. Ilizaa mbili baada ya pembe. Moja ndiyo bibi ya lile dume jeupe pale zizini. Unaona linaumwa tumbo?"

Wote waligeuka kulitazama dume jeupe. Lilikuwa linakula.

"Pembe si ukoo," alisema Bujiku, na Kalinga alikumbuka maneno yake mwenyewe juu ya pipa, na jinsi Rozalia alivyomjibu. Bujiku akamnyooshea kidole. "Lakini siku nyingine nikikuuliza, unijibu."

"Nitakujibu."

Kashindye, ambaye hakuna aliyemtaka maoni, alikwisha kurudi jikoni. Alitoka na bakuli la maziwa mgando, akaliweka mbele ya Kalinga na kuondoa ugali bila kuomba ruhusa. "Kunywa kidogo kidogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mtoto. Kalinga akanywa mbele ya watu wote, bila kukohoa. Sedekia alimtazama kwa mdomo wazi. Labda alikuwa anahesabu chale.

Maumivu yalipanda, yakamkunja. Kalinga aliomba radhi, akajigeuza palepale mkekani akapiga magoti, paji la uso juu ya mikono. Hakuna aliyeinuka kumshika wala kumpepea. Waliongea mambo ya mvua. Baada ya muda tumbo likanguruma, kila mtu akasikia, na likaachia. Akajiinua akaketi, jasho linamtoka.

"Mzee Nkuba," alisema, "ile nyekundu ilikaa muda gani, tangu pembe?"

"Miaka saba."

"Mimi huu ni wa nane."

"Umeizidi."

"Na mwisho wake ilikuwaje?"

Nkuba alifikiri kama kuna namna ya kulisema vizuri, akaona hakuna. "Siku moja tumbo lilijaa, ikalala, haikuinuka. Tukaiwahi na kisu." Akamsogeza Askari kwa mguu. "Halafu tukaila."

Sedekia alishtuka. Bujiku alifumba macho. Lakini Kalinga, aliyeijua siku hiyo tangu zamani na hakuwahi kuisikia ikitajwa na mtu asiyevaa koti jeupe, alianza kucheka. Alicheka mpaka kovu likamvuta, akashika tumbo kwa mikono yote miwili akaendelea, na Nkuba naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyezoea.

"Basi nyinyi mtanisamehe," alisema Kalinga alipopata pumzi, "mimi sitafaa. Sina mafuta."

Bujiku akainuka, akakung'uta shuka lake. "Twendeni tumalize ng'ombe," alisema. "Jua linakwenda, na huyu mwenye kuku bado hajakagua meno ya dume jeupe."

Jua lilikuwa kali kweli. Kalinga akavua koti, akalitundika kwenye mti wa uzio, akawafuata wenzake na shati lake peke yake, mkono wa kulia tumboni. Kule kwenye trekta Budeba alianza kufuta tena injini ambayo haikuwa na uchafu. Askari alisubiri mpaka wote wamegeuka, kisha akajinyoosha kwenye uzio na kuanza kushughulikia mfuko wa kushoto.